Ukuta Uliotoa Tumbo

Hagg End, Swaledale
16 Februari 1958

Mdogo wangu Anthony,

Sisi huku tunapumua, na mwenye kupumua hana haki ya kulalamika. Kama barua hii itakukuta na kifua kama cha mwaka jana, mwambie Oksana akupake mafuta ya bata, nawe usimbishie mkeo. Shangazi Dinah anakusalimu. Masikio yake sasa yamefunga duka kabisa, lakini mdomo uko wazi kutwa. Jumapili alimwambia kasisi kwamba mahubiri yake yamekuwa matamu mno tangu alipoacha kuyasikia. Kondoo wameivuka theluji, isipokuwa wazee wawili. Mbwa naye amezeeka, analala katikati ya mlango na sote tunamruka kwa heshima.

Sasa jambo lenyewe. Ghala la Low Ing, lile la shambani tunaloweka ng'ombe chini na majani makavu juu, limetoa tumbo. Ni ukuta wa mbele, ule wenye mlango. Mawe ya nje yamejisukuma kuja mbele, na ukisimama chini ya paa ukitazama juu unaona vigae vinaanza kuning'inia. Nimewahamisha ng'ombe, kwa kuwa siwezi kulala nikiwafikiria chini ya mzigo ule.

Najua utauliza nimeufanya nini, kwa hiyo nitakuambia kabla hujafungua kinywa. Kiangazi cha mwaka juzi niliona chokaa ya babu inapukutika kati ya mawe, nikaona aibu watu wakipita kwenda kanisani. Nikanunua saruji, nikaziba nyufa kwa mkono wangu mwenyewe, ukuta ukapendeza kama keki ya harusi. Kumbe maji yaliyozoea kuingia na kutoka kwa hiari yao yaliingia yakakosa pa kutokea. Barafu ya Januari ikamaliza kazi. Cheka, nimekupa ruhusa.

Alikuja bwana mmoja wa mambo ya kilimo, buti zake safi kabisa. Akaniambia, "Bi Kearton, majengo haya muda wake umepita. Bomoa hilo, mawe yajazie njia, ujenge banda la bati hapa nyumbani."

Nikamwambia, "Bati lina kelele mvua ikinyesha."

"Ng'ombe hawajali kelele."

"Uliwauliza lini?" nikamwambia. Hakumaliza chai yake.

Lakini baba alituachia Low Ing sote wawili, na siwezi kung'oa jiwe hata moja bila neno lako. Nilitengeneze au nilibomoe? Mwezi wa saba majani yatakatwa, na nisipokuwa na ghala yataniozea uwanjani. Niandikie mapema.

Dada yako,
Thirza


Karibu na Prince Albert, Saskatchewan
9 Machi 1958

Dada Thirza,

Nilipakwa mafuta ya bata. Nimenuka kama bata wa Krismasi kwa wiki nzima, na Oksana anakushukuru kwa kumpa silaha mpya. Theluji hapa imefika madirishani, ng'ombe wako salama ndani ya ghala letu la mbao. Ni jekundu na ni kubwa kuliko kanisa letu la Muker, lilijengwa upesi na likishika moto litakwisha upesi zaidi. Mpe Shangazi busu langu, umpigie kelele kwamba ni mimi.

Kuhusu Low Ing: bomoa. Yule bwana ana buti safi lakini hakusema upuuzi. Ghala la shambani lilijengwa kwa ajili ya mtu mwenye magoti mapya, wa kwenda na kurudi kwenye theluji asubuhi na jioni kulisha ng'ombe wachache. Wewe magoti yako nayajua. Neno langu ndilo hilo.

Ila ukibomoa, usimruhusu mtu aanze na ukuta. Aanze na paa, na aanze juu ashuke. Vigae vile vya mawe vimepangwa kwa ukubwa, vidogo mgongoni na vikubwa chini ukingoni. Avipange kwenye majani kwa mistari ileile, la sivyo utakuwa na rundo la mawe badala ya paa.

Na hata kama mtu angetaka kuutengeneza ukuta, sisemi autengeneze, asije akapasua kote. Alishikilie paa kwa nguzo, akate tumbo peke yake, pana juu, jembamba chini. Akumbuke ule ukuta ni kuta mbili zilizosimama mgongo kwa mgongo, kifusi katikati, na kinachozizuia kuachana ni vifungo, yale mawe marefu yanayovuka kutoka uso wa nje hadi wa ndani. Hakuna saruji hata chembe. Chokaa ilowekwe mpaka iwe laini kama siagi. Na kila jiwe lionyeshe uso mdogo, lifiche mwili mrefu. Baba alikuwa akitupiga kofi tukilaza jiwe ubavu ili lipendeze kwa nje. Ukuta wa kupendeza, alisema, ni ukuta wa kuanguka.

Swali moja tu, halina maana kubwa. Tumbo liko upande gani wa mlango? Unakumbuka ukuta ule tuliujenga upya mimi na mtu mwingine, mwaka mmoja kabla ya yale maonyesho. Mimi kushoto, yeye kulia. Nauliza kwa kutaka kujua tu.

Mdogo wako,
Anthony


Hagg End
30 Machi 1958

Mdogo wangu,

Barua yako ilisema "bomoa" mara moja, kisha kurasa mbili na nusu zikanifundisha kutengeneza. Nimeisoma kwa sauti kwa Shangazi, yaani kwa kupiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Akasema, "Huyo hataki libomolewe. Anataka kubembelezwa." Basi nimekubembeleza. Tunatengeneza.

Kondoo wameanza kuzaa. Kuna mapacha jikoni ndani ya sanduku, na mmoja amekula ukingo wa kitambaa cha meza cha mama. Mvua ni ileile ya siku zote. Nimekutumia jibini, natumaini watu wa forodha huko hawana pua.

Fundi nimempata. Ni mtu wa huku juu bondeni, mtulivu, kazi yake anaijua. Chokaa ameiloweka kwenye shimo nyuma ya ghala, na kila asubuhi anaikoroga kama uji wa mgonjwa. Paa amelishikilia kwa nguzo. Vigae vilivyokuwa juu ya tumbo amevishusha na kuvipanga kwa mistari, bila kuambiwa na mtu wa Kanada.

Ana tabia moja inayomchekesha Shangazi. Anaweza kusimama muda mrefu akiyatazama mawe yaliyotandazwa kwenye majani, mikono mfukoni, unadhani amelala. Kisha anainama, anaokota moja, na hilo linakwenda ukutani. Hajawahi kulirudisha jiwe chini. Na vifungo anaviweka vimeinama kidogo kwa nje, upana wa ukucha tu, ili mvua idondoke badala ya kufuata jiwe kuingia ndani. Mimi ndiye ninayempa mawe madogo ya kujazia katikati. Mgongo unaniuma na nimefurahi, sijui kwa nini nakuambia.

Shangazi anamkaangia nyama ya nguruwe kila mchana, naye anakula kama mtu ambaye nyumbani kwake hapikiwi.

Thirza

Kuhusu swali lako la mlango, nitakujibu nikipata nafasi.


Prince Albert
11 Mei 1958

Dada,

Jibini lilifika likiwa limepata nguvu za kutembea lenyewe. Tumelila lote. Tumemaliza kupanda ngano, Oksana mzima, bustani yake imeanza kutoka.

Barua yangu imechelewa, na sitaisingizia posta. Niliandika ya kwanza nikaitupa motoni, nikaandika ya pili Oksana akaitupa yeye.

Vifungo vilivyoinamishwa kwa nje upana wa ukucha. Jiwe likiokotwa halirudi chini. Thirza, ningekuwa kipofu ningemjua mtu huyo kwa vidole. Bonde zima lina fundi mmoja tu anayefanya hivyo, na jina lake ni Reuben Peacock. "Mtu wa huku juu bondeni"! Kana kwamba mimi nilizaliwa Saskatchewan.

Hujasahau maonyesho ya mwaka thelathini na nne. Kila mmoja wetu na kipande chake cha ukuta, watu wamejaa, bia inamwagika. Mwamuzi akampa yeye ushindi. Nilisema mbele ya wote kwamba ameyalaza mawe ubavu ili uso upendeze, na kwamba ndani mna kifusi kitupu. Akanitazama tu, akakunja koti lake akaondoka. Kama ni uongo, kwa nini hakunijibu? Nililosema nimelisema. Silirudii wala silifuti.

Na sasa ndiye anayekula nyama ya nguruwe jikoni kwetu. Sawa. Wewe ni mtu mzima, nami niko mbali. Lakini nijibu, dada, maana umeniruka kama unavyomruka mbwa. Tumbo liko upande gani wa mlango? Kama ni upande wangu, basi kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikimwita mwenzangu mwongo huku ukuta wangu mwenyewe ukijiandaa kuanguka, na yeye sasa anaushika mkononi na kucheka.

Anthony


Hagg End
1 Juni 1958

Anthony wangu,

Shangazi mzima, mapacha wametoka jikoni, kitambaa cha mama nimekishona. Maua ya njano yamejaa Low Ing mpaka huoni majani. Hizo ndizo habari za nyumbani, sasa kaa chini.

Ni kushoto. Ni upande wako. Sikukujibu kwa sababu ninakujua, ungelala na jambo hilo, ungeamka nalo, ungekwenda nalo shambani. Nilitaka nikujibu nikiwa na la kuongeza, na sasa ninalo.

Mwezi wa nne, siku tulipofungua kipande cha mwisho cha tumbo, Shangazi aliteremka mpaka Low Ing na fimbo yake. Hajafika huko tangu vita viishe. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema kwa ile sauti yake ya kusikika mpaka kijiji cha pili, "Haya Reuben, tuonyeshe! Nani alilaza mawe ubavu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Reuben alikunja mikono ya shati. Alitoa jiwe moja la upande wako, akalitazama, akatoa la pili, la tatu. Akaendelea hivyo hadi chini, polepole, kama mtu anayesoma. Mwishowe akajifuta mikono.

"Yote yamelala mkia ndani," akasema. "Hakuna hata moja la ubavu. Sijaona mkono msafi hivi tangu baba yake afe."

"Unasemaje?" Shangazi akauliza.

"Nasema ni mzuri!" akapaza sauti. "Anthony ni fundi!"

"Sasa kama ni fundi mbona umeanguka?"

Akanyoosha kidole kwenye saruji yangu. "Mwulize huyu bibi mwenye keki ya harusi."

Maana, Anthony, mfuko wangu wa saruji ulikwisha nilipofika mlangoni. Nilianza kushoto, na kulia sikugusa. Ndiyo maana upande wake umesimama na wako umetoa tumbo. Ningekuwa na mfuko wa pili ningewaangusha wote wawili. Basi acha kuubeba ukuta huo kichwani. Ni wangu.

Nikamwuliza siku hiyo kwa nini hakukujibu kule maonyeshoni. Akasema, "Ningemjibu nini? Ukuta haujibiwi kwa mdomo. Ningeubomoa mbele ya watu waone, na ulikuwa ukuta mzuri, niliuonea huruma." Kisha akaongeza, "Wake pia ulikuwa mzuri. Mwamuzi alikuwa na haraka ya kwenda kunywa."

Sasa lililobaki, na hili ndilo nililoliogopa. Kabla ya maonyesho yale Reuben alikuwa akija kwetu Jumapili, unakumbuka, akijidai anaangalia kondoo wa baba. Baada ya maneno yako hakuja tena, na masika yaliyofuata wewe ukapanda meli. Nilipoteza wanaume wawili kwa ajili ya mawe. Sikukuambia wakati ule wala katika barua zote hizi, na sikuambii sasa ili kukuchoma. Alimwoa Ellen wa Gunnerside, mwanamke mwema, na ni miaka minne tangu amzike.

Juma lililopita tulikuwa juu ya jukwaa la kujengea. Nilikuwa nikimpa mawe ya kujazia. Akasema bila kunitazama, "Thirza, mimi jiwe nikilishika silirudishi chini. Wewe nilikurudisha. Ni mara moja tu nimefanya kosa hilo."

Nikamwambia, "Jiwe lenyewe limekaa nje muda mrefu, Reuben."

"Ndilo ninalolitaka," akasema. "Lililopita baridi zote hizo bila kupasuka."

Nilimwambia ashuke kabla hajaanguka. Ndipo nikamwambia ndiyo.

Tunataka kufunga ndoa Oktoba, majani yakishaingia na kondoo wakishashuka mlimani. Lakini sitakwenda kanisani kwa kujificha kama mwizi, wala sitaki uliyasikie haya kwa mtu mwingine ukabaki kununa huko mpaka tuzikwe. Baba hayupo. Shangazi amejitolea kunipeleka mbele ya kasisi, lakini hatasikia lini anatakiwa kuniachia. Nakuomba wewe. Nimeandika, na nitaipeleka posta kabla sijabadili mawazo.

Thirza


Prince Albert
22 Juni 1958

Dada Thirza,

Mvua imenyesha kwa wakati, ngano ni ya kijani kama Low Ing. Oksana anakusalimu na anauliza kama Oktoba huko ni baridi ya koti zito au koti la kawaida. Umeshaelewa, basi, lakini niache niandike kwa mpango.

Nilimsomea barua yako jikoni. Alilia pale pa jiwe lililopita baridi. Mimi nilitoka nje kwenda kuangalia trekta, ambayo haikuwa na shida yoyote. Nilikaa pale muda, mpaka mbwa akaja kuona kama nimekufa. Nimefurahi, Thirza. Nimefurahi kwa ajili yako kuliko ninavyoweza kuandika kwa penseli hii.

Tutakuja. Ngano itavunwa mwezi wa tisa, jirani atatazama ng'ombe. Nitakupeleka kanisani, na nitajua lini nikuachie, japo sikuahidi kwamba nitapenda.

Mwambie Reuben kwamba minamo ya vifungo ni sahihi. Siku zote ilikuwa sahihi. Nimejaribu kujenga ukuta mmoja huku, kwenye kibustani cha Oksana, na vifungo nimeviinamisha kama yeye. Oksana aliniuliza nilijifunza wapi, nikasema sikumbuki. Basi, mwambie hivyo, na asiniulize zaidi, kwa sababu sina zaidi.

Nyundo ya baba iko kwangu. Niliichukua siku ile nikiondoka, na wewe hukuiulizia hata mara moja, nami nilijua kwamba unajua. Nitakuja nayo.

Nina sharti moja tu. Kifungo cha mwisho cha upande wa kushoto, kile cha juu kabisa chini ya paa, asikiweke. Aache tundu. Upande ule niliujenga mimi na nitaumaliza mimi. Yeye anaweza kusimama chini akanipa jiwe, na akitaka kuniambia limekaa vibaya nitamsikiliza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Mdogo wako,
Anthony


Hagg End
20 Julai 1958

Mdogo wangu,

Mwambie Oksana koti zito, na viatu vya matope.

Majani yameingia, na ni mazuri, hayakulowa hata mara moja. Jana tulijaza ghala mpaka juu, Reuben akirusha, mimi nikikanyaga, Shangazi akitoa amri kutoka kwenye ndoo yake. Ng'ombe wamerudi chini, kila mmoja kwenye kibanda chake, na harufu ni ileile ya tulipokuwa wadogo. Yule bwana wa buti safi alipita, akautazama ukuta, akavua kofia. Nilimpa chai na safari hii akaimaliza.

Nilimsomea Reuben sharti lako. Alinung'unika sana kuhusu mtu anayeacha tundu kwenye ukuta mzima kwa sababu ya mtu wa Kanada. Akauliza kama umeandika jambo lingine. Nikamsomea lile la minamo, na lile la bustani ya Oksana. Akaniomba nisome tena. Kisha akatoka akaenda kuangalia trekta, na sisi hatuna trekta.

Tundu lipo, chini ya paa, kushoto. Bundi ameshaanza kulizoea, kwa hiyo usichelewe.

Jiwe nalo limepatikana. Reuben alitembea uwanja mzima mikono mfukoni mpaka akaliona, refu, limenyooka, limekaa nje baridi nyingi bila ufa. Lakini hajaligusa. Anasema akilishika hatalirudisha chini, na hilo si lake. Limelala kwenye majani pale pale, kushoto kwa mlango, linakungoja.

Thirza